Mukate Tuliomupelekea Bidon

Uvumilivu wangu ulikatika siku ya kumuzika mama. Sanduku lilikuwa tayari nje ya nyumba, juu ya viti viwili, chini ya turubai tuliloazima kwa jirani. Mutoto wangu wa pili, wa miezi saba, alikuwa mugongoni analia juu ya joto. Katibu wa kanisa letu akafika na kitabu chake kikubwa chini ya kwapa, akasimama mbali kidogo na sanduku, akatuambia kwamba kanisa halitazika. Kengele haitapigwa, kwaya haitaimba, muchungaji hatakuja.

“Mama yenu alikuwa chini ya adhabu,” akasema. “Jina lake liko humu ndani. Angesimama siku moja tu, atembee mbele, aseme zambi yake, tungelifuta. Njia ilikuwa wazi miaka yote. Sasa, mwe bantu, ninyi watu, hawezi tena kutembea.”

Aliyasema kwa upole, kama mutu anayekueleza kwamba duka limefungwa. Hapo ndipo. Maneno yote niliyoyameza mbele ya yule muzee tangu usichana wangu yalinipanda kooni mara moja. Nikamunyang’anya kitabu.

“We mutoto! Una wazimu?”

“Ndiyo, Ba Katibu. Leo ninao.”

Wanawake wakapiga kelele, mumoja akanishika kiuno, lakini nilikuwa nimekwisha kukifungua. Kilinuka mafuta ya taa na samaki mukavu, kama kila kitu cha Nchelenge kinachokaa ndani ya nyumba muda murefu. Nikapata ukurasa. Jina la mama, na chini yake, kwa mwandiko wa Ba Katibu, sentensi tatu. Aliondoa Meza ya Bwana kwa siri. Akamupa mutu aliyetengwa. Mutu yule akafa.

Kila sentensi ni ya kweli. Ukiziweka pamoja hivyo, zinasema mama yangu aliua. Na ile ya tatu Ba Katibu hakuitafuta mbali. Nilimuletea mimi, kwa kinywa changu, kwa furaha, nikiwa na miaka minane.

Ninyi wa umri wangu mliokua kando ya ziwa Mweru, upande huu wa Zambia, mnakumbuka vita ilipoingia ng’ambo, Kongo. Mashua zilikuja kutoka Kilwa na Pweto na magodoro, mashini za kushonea, kuku waliofungwa miguu, na watu wazima waliokaa kimya kuliko kuku. Sisi watoto tulifurahi. Soko lilijaa, na ghafula kila mutu alisema Kiswahili cha mama. Yeye alikuwa amevuka zamani, kwa ndoa. Baba alikuwa muvuvi wa hapa hapa. Baba alikuwa na rafiki ambaye mimi nilimuita Tata Mudogo, ndiyo kusema baba mudogo, mutu wa kijiji cha Kafutuma, aliyekulia katika mashamba ya mihogo na kujifunza ziwa akiwa mukubwa. Kwa mashua moja walikuwa wakileta samaki kutoka Mununga. Wakati ule wakaacha samaki, wakaanza kuleta watu.

Asubuhi moja mashua ilijaa kupita kiasi, upepo ukageuka, maji yakaingia. Wengine waliokotwa na wavuvi. Tata Mudogo alitoka majini akiwa amekumbatia bidon ya njano, lile dumu la plastiki la lita ishirini, tupu, imefungwa kifuniko. Ilikuwa ya baba. Pwani yote ilijua, kwa sababu baba alikuwa ameikata alama tatu za kisu karibu na mahali pa kushikia. Baba mwenyewe alitoka siku ya ine. Sitaandika alivyokuwa.

Hakuna aliyemuuliza Tata Mudogo swali. Watu waliona jibu kifuani mwake. Kabla matanga hayajaisha alikuwa na jina jipya, Bidon, na wanawake wa soko walimutupia jina lile kama maganda.

“Bidon! Leo unaelea wapi?”

“Funga kifuniko, Bidon, lutuku itamwagika!”

Kwa sababu alikuwa ameanza kunywa lutuku, ile pombe kali ya Kikongo, asubuhi kabla ya uji. Alicheka kidogo, akapita. Kucheka kule mimi nilikuona kiburi. Kila jioni, mama akimaliza kuomba pamoja nasi, nilibaki na ombi langu mwenyewe chini ya blanketi: Yesu, muue Bidon. Nilikuwa na bidii katika ombi lile. Tangu siku zile sijaomba kitu kwa bidii namna ile.

Juu ya pombe, kanisa likamuweka kiti cha nyuma. Kama haukukulia katika kanisa kama letu, kiti cha nyuma ni benchi lisilo na egemeo, karibu na mulango. Anayekaa pale hagusi Meza ya Bwana, haimbi katika kwaya, wazee hawamupi mukono. Kutoka pale kuna njia moja tu. Siku ya Meza unasimama, unatembea peke yako katikati ya watu mupaka mbele, unataja zambi yako kwa kinywa chako. Hakuna wa kukushika mukono, hiyo ndiyo sheria. Kila mutu na miguu yake. Kisha Ba Katibu anachukua rula, anapiga mustari juu ya jina lako, umerudi. Mimi mutoto nilikuwa na wivu na benchi lile. Lilipata upepo wa ziwa, na waliolikalia walitoka wa kwanza. Nilifikiri ni watu waliochaguliwa.

Mama alikuwa shemasi, na mukate wa Meza ulikuwa kazi yake. Aliuoka ndani ya kichuguu kilichochimbwa kuwa tanuri nyuma ya nyumba, mukate mwembamba usio na chachu, akaukata vipande vidogo kwa kisu ambacho hakikukata kitu kingine. Cha kunywa kilikuwa maji mekundu ya maua ya lumanda, ile rozela, yaliyochemshwa na sukari kidogo. Baada ya ibada mabaki yalizikwa. Nyuma ya kanisa kulikuwa na mahali pake, na mama alichimba na jembe dogo, akaweka mukate uliobaki, akamwaga kinywaji, akafunika, akakanyaga udongo kwa muguu mutupu. Hakuna aliyeruhusiwa kula mabaki yale, hata muchungaji.

Na mimi nisingeugusa hata kwa fimbo. Ba Katibu ndiye aliyetufundisha watoto Siku ya Mungu, ile Jumapili, na alikuwa ametueleza kwamba mutu mwenye zambi akiula mukate ule, anakula hukumu yake. “Unaingia tumboni sawa wembe,” akasema, akajishika tumbo, akakunja uso. Watoto wengine walicheka. Mimi sikucheka. Siku moja kuku wa muchungaji alifukua lile shimo akadonoa, nikakaa chini ya ukuta mupaka jioni nikimungojea afe. Hakufa. Nikajiambia kuku hana zambi.

Bidon akaanza kukonda. Ilikuwa ule ugonjwa wa miaka ile, ambao kila mutu aliujua na hakuna aliyeutaja. Alirudi Kafutuma kwa dada yake, na baada ya wiki kadhaa dada yake akaja kanisani, akawakuta wazee wamekaa nje, na mama akiosha vikombe.

“Ndugu yangu anaomba Meza,” akasema. “Anasema akila mara moja tu, inatosha.”

“Muzuri sana,” Ba Katibu akajibu. “Siku ya Meza aje, atembee mbele, atubu.”

“Atembee na nini, Ba Katibu? Njooni muone ile miguu. Iko sawa fimbo za mwavuli.”

“Basi angojee apone.”

Yule dada akamutazama, kisha akacheka kile kicheko kisicho na furaha, akavuta kitenge chake kichwani, akaondoka. Mama aliendelea kuosha kikombe kimoja. Alikiosha muda murefu.

Siku ya Meza ikafika. Baada ya ibada mama akaenda nyuma ya kanisa na jembe, mimi nyuma yake. Akachimba. Akafunika. Akakanyaga. Lakini nilikuwa nimesimama karibu, na niliona hakuweka kitu. Mukate ulikuwa ndani ya kitambaa cheupe, chini ya kitenge chake, na yale maji mekundu ameyatia ndani ya chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa.

“Beba hii,” akaniambia. “Usitikise.”

“Tunaenda wapi?”

“Kafutuma. Kwa Tata Mudogo.”

Nikasimama. Nikaangalia chupa, nikaangalia kitenge chake. “Atakula?”

“Atakula.”

“Yote?”

“Gisi ataweza, hata kidogo. Juu ya nini unauliza hivi?”

Nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu. Mama hakuwa amesahau baba. Mama alikuwa amengoja. Sasa anamupelekea Bidon ule wembe, na mimi, mutoto wa baba, ndiye ninayebeba chupa. Yesu amejibu. Niliishika kwa mikono miwili kama yai.

Tulikwenda na kinga, baiskeli ya jirani, mama akikanyaga pedali na nguo zake nyeupe za kanisa, mimi nyuma. Pwani ilikuwa imejaa chisense zilizoanikwa juu ya muchanga, zile samaki ndogo kama misumari, na wanawake wakizigeuza na mafagio. Harufu yake mupaka leo inanifungua kifua na kunifunga.

“Mama Shemasi! Na nguo za Meza, unakimbilia wapi?”

“Kuona mugonjwa.”

“Mugonjwa gani tena?”

“Mugonjwa wetu,” mama akasema bila kusimama, nami nyuma yake nikatabasamu kwa siri. Ninaliandika hili kwa sababu ni lazima. Mutoto wa miaka minane alipita mbele ya wanawake wale akitabasamu kwamba mutu anakwenda kufa.

Alikuwa amelala juu ya mukeka, karibu na mulango ili apate mwanga. Mutu murefu aliyekuwa akinirusha juu na kunidaka, sasa nilimuona ni mufupi kuliko mama. Midomo ilikuwa imepasuka na vidonda vyeupe. Akanitambua.

“Mutoto wa ndugu yangu,” akasema. “Umekuwa mukubwa.”

Sikumusalimia. Nikaweka chupa chini. Mama akasema niende kisimani na dada yake Bidon kumusaidia kuteka maji, nami nikakataa, nikashika mulango, kwa sababu nilitaka kuona. Mama akanitazama mara moja. Nikaenda. Njia yote nilikimbia, nikamwaga nusu ya ndoo, yule dada akanitukana kwa Kibemba.

Tuliporudi, mukate ulikuwa umekwisha. Mama alikuwa amekaa chini na nguo zake nyeupe katika vumbi, kichwa cha Bidon juu ya mukono wake, kama alivyokuwa akimushika mudogo wangu wakati wa kunyonya. Wote wawili walikuwa wamelia. Bidon alikuwa akilamba kidole chake, taratibu, akitafuta vipande vidogo vilivyobaki. Nikangoja atetemeke. Akafunga macho, akalala.

Akafa siku ya pili ya wiki. Habari zilipofika, mama aliketi juu ya kizingiti akalia na sauti, nami nikamustaajabia: namna anavyojua kujificha!

Siku ya Mungu iliyofuata, Ba Katibu akatuuliza sisi watoto kama kila wiki, nani anajua kitu kimoja ambacho Mungu amefanya. Nikainua mukono mbele ya wote.

“Mungu aliua Bidon. Mama alimupelekea mukate, akaula, akakufa. Mimi nilibeba chupa.”

Nilingoja anipongeze. Ba Katibu akaweka chaki chini.

“Ndani ya chupa kulikuwa nini?”

“Maji mekundu,” nikasema. Na kwa sababu nilitaka furaha yangu ikamilike, nikaongeza: “Alikuwa anamungojea tangu baba afe.”

Walikuja nyumbani muchana ule ule, wazee watatu, wakakaa juu ya viti vyetu vyote. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, na matete hayazuii kitu.

“Mama Shemasi,” Ba Katibu akaanza, “ulichukua Meza?”

“Ee. Nilichukua.”

“Watu wanaanza kusema sumu.”

“Nilisikia.”

“Basi mambo ni mawili. Ya kwanza, mutoto wako. Atasimama mbele ya kanisa, atasema alidanganya, atapigwa fimbo ine mbele ya watu, na ile hadithi ya kuua itakufa. Ya pili, wewe. Utatembea mbele, utasema ulifanya zambi kutoa Meza nje. Ukifanya hayo yote, tunafuta.”

“Mutoto hakudanganya,” mama akasema. “Alisema kile alifikiri. Hatasimama mbele ya batu.”

“Basi utatubu wewe.”

“Kumupa mugonjwa mukate haiko zambi, Ba Katibu. Nikisimama mbele ya Mungu niseme ninajuta, na sijuti, ile njo itakuwa zambi.”

Mumoja akakohoa.

“Mais, lakini mutoto akisema tu kwamba ni uongo…” akaanza yule mwingine, aliyekuwa Mukongo kama mama.

“Nimesema hapana. Iko na miaka minane. Kesho atawaogopa, kesho kutwa atamuogopa Mungu. Wekeni jina langu. Kile kiti cha nyuma kiko na nafasi?”

Ba Katibu akafungua kitabu pale pale, juu ya goti lake, akaandika.

Na mimi nyuma ya matete, nilielewa nini? Nilielewa kwamba mama amekubali. Amesema mutoto hakudanganya. Basi ni kweli, aliua. Nikamuogopa, na nikajivuna naye, vyote viwili pamoja.

Walipoondoka akaniita. Nilijua nitapigwa. Akanikalisha mbele yake, akaniuliza: “Siku ile tulienda Kafutuma, ulifikiri tunafanya nini?” Nikamueleza yote: wembe, kuku wa muchungaji, ombi langu chini ya blanketi. Sikuacha kitu. Alipokwisha kusikia, akasimama, akatoka nje, akakaa karibu na kichuguu ingawa hakuna moto. Nilimuona mabega yakipanda na kushuka. Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa.

“Kesho kuna mama mugonjwa nyuma ya soko,” akasema. “Uji utabeba wewe.”

“Mimi?”

“Shi njo wewe. Unabeba muzuri. Haukumwaga.”

Hakusema zaidi. Kesho yake nikabeba ule uji, na njiani, mara tatu, nikafunua kifuniko nikanusa. Nilifikiri mama ameniongezea cheo katika kazi yake ya kuua. Mugonjwa yule akala, akapona, akaishi, nami nikachanganyikiwa kabisa.

Baada ya hapo hakuna aliyenunua tena mukate ambao mama alikuwa akiuoka na kuuza sokoni. Wanawake wa soko hawakumutukana, heri wangemutukana. Walisema wakicheka, “Onja kwanza wewe, Mama Shemasi, tuone.” Naye akamega, akala mbele yao, akacheka pamoja nao. Walirudi kwa mwingine. Baada ya miezi michache kichuguu kikaota majani. Akaenda kuchambua chisense za wengine, kuinama toka asubuhi, chumvi na muchanga ndani ya vidole vilivyopasuka. Kila Siku ya Mungu nilikaa mbele na watoto, na sauti yake niliisikia kutoka mulangoni, akiimba kupita kwaya. Nilikuwa na haya. Nilitamani anyamaze.

Miaka mingi nilidhani ninamujua mama yangu. Kisha nikachukua mimba nikiwa kidato cha nne, muvulana akaenda zake Mansa, na kanisa likanituma mahali pangu. Siku ya kwanza nilipotembea kwenda kile kiti, tumbo mbele, watu wote wakigeuza shingo, mama akajisogeza.

“Karibu,” akanong’ona. “Huku kuna upepo.”

Ni pale, juu ya benchi lile, wakati wengine wakipokea Meza, nilimuuliza kama ni kweli alimuua Bidon. Alinitazama kama mutu aliyepigwa kofi. Hakuwa amejua kwamba bado ninaamini. Alidhani siku ile ya uji tulikuwa tumemaliza.

Akanieleza. Nilipokuwa kisimani, Bidon alikataa mukate. Akafunga mudomo. Kisha akasema kile ambacho hakumuambia mutu: mashua ilipopinduka, bidon ilikuwa mikononi mwa baba. Baba alimuona anazama, mutu wa mihogo, akamusukumia. Akasema, “Shika, mimi ninajua maji.” Ni hayo tu. Na upepo ukawatenga.

“Juu ya nini hakusema?” nikauliza.

“Nani angemuamini? Na wakimuamini, mwana wangu, ile njo mubaya zaidi. Kila asubuhi anaamuka na pumzi ya mutu mwingine. Aliniambia, ‘Mama, ule mukate siustahili.’ Nikamuambia, ‘Na ile bidon, uliistahili? Uliishika. Basi na hii, shika.’ Akafungua kinywa.”

Nimekwisha kusikia mahubiri mengi juu ya neema, mengine ya watu waliosoma sana. Wanaisema kama kitu laini. Mimi ninajua neema ni kitu ambacho mutu anakusukumia majini, na yeye anabaki bila. Bidon alipewa maisha ya pili akashindwa kuyabeba, akayanywa yote kwa chupa. Mimi nilipewa ya pili kwa sufuria ya uji, na sikujua hata kwamba nimepewa. Na unyenyekevu, ule wanaotuhubiria wanawake kila wiki, si kumuinamishia Ba Katibu kichwa. Mama hakumuinamishia hata siku moja. Alikaa mahali ambapo mimi ningesimamishwa, akajisogeza nilipofika, hakuniambia kwamba ni pangu.

Mutoto alipozaliwa nilitembea mbele. Hatua chache tu. Nikataja zambi yangu, Ba Katibu akachukua rula, nikarudi, kabla wimbo haujaisha. Wiki ile ile nikaenda nyumbani kwake nikamueleza kwamba hadithi ya kuua ilikuwa yangu, ya kitoto, na ni yeye aliyetia wembe ndani ya kichwa changu. Alinisikiliza mupaka mwisho. Akasema kitabu hakifutwi kwa maneno ya pembeni, mama atembee. Nikarudi mara ya pili, akasema hivyo. Mwaka huu mama alipovimba miguu, nikaomba tumubebe juu ya kiti mupaka mbele, si kwa kutubu, aombewe tu na apokee Meza mara moja. Akasema kila mutu na miguu yake.

Tulimuzika bila wao. Wanawake wa chisense waliimba, wale wale wa “onja kwanza wewe”, na kuna mumoja aliyelia mupaka akaanguka. Kitabu nilimurudishia Ba Katibu siku ile ile, mukononi. Wiki iliyofuata nikapanda minibasi ya Mansa na mutoto mugongoni, nikaingia katika ofisi ya jimbo ya kanisa letu, kijana mumoja akapiga muhuri juu ya nakala yangu bila kuinua macho. Hii ndiyo barua niliyoweka:

Kwa Baraza la Kanisa la Jimbo.

Mimi ni binti wa marehemu aliyekuwa shemasi Nchelenge. Ninaleta malalamiko juu ya katibu wa kanisa letu, aliyemunyima mama yangu maziko, na juu ya maneno aliyoyaandika chini ya jina lake.

Mama yangu alimupelekea mugonjwa Meza ya Bwana bila ruhusa ya wazee. Hilo ni kweli na sikatai. Maneno “mutu yule akafa” yaliandikwa kwa sababu yangu. Nilikuwa mutoto, nilisema nisichokielewa, na mama alikubali kutengwa ili mimi nisipigwe mbele ya kanisa. Katibu alilijua hili kwa kinywa changu, mara mbili, kabla mama hajafa. Hakugusa kitabu.

Ninaomba sentensi ile ya tatu ifutwe na jina la mama lirudishwe kati ya washirika. Ninaomba jambo hilo lisomwe siku ya Meza, mbele ya watu wote, na siku hiyo nipewe nafasi nisimame niseme mwenyewe nilichosema nikiwa na miaka minane. Kama kuna adhabu juu ya maneno yale, ni yangu.

Juu ya katibu, katika barua ya kwanza, ambayo sikuileta, nilikuwa nimeomba awekwe kiti cha nyuma. Nimeiondoa sehemu hiyo. Sijamusamehe, na sitaandika uongo kwa baraza. Lakini ni muzee, na miguu yake pia imeanza kuchoka. Siku akitaka kusema kwamba alikosea, ninaomba asiambiwe atembee. Hata akiwa amelala juu ya mukeka nyumbani kwake, mutu amuendee.